Hifadhi Nne za Nchi Yetu Ndogo: Tuzipime kwa Mizani ya Hima



Kila sifa njema ni ya Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu, kaka na dada, katika darasa zetu tumezungumza sana kuhusu swala, ndoa, riba na adabu za mwanafunzi. Leo naomba tusome jambo ambalo wengi wetu tunaliona ni la watalii tu: hifadhi za taifa za Rwanda. Mimi nasomea jiografia, na kuna swali ambalo wenzangu bwenini huniuliza mara kwa mara. Nchi yetu ina kilomita za mraba 26,338 tu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 13, maana yake ni watu zaidi ya 500 katika kila kilomita moja ya mraba. Wapo vijana ambao baba akigawa shamba hawapati hata kipande cha kupanda maharage. Je, ni haki misitu mikubwa iachwe kwa ajili ya nyani na nyati?

Swali hili tusilibeze. Anayeuliza mara nyingi ni mtoto wa mkulima, na anauliza kwa uchungu. Kumjibu kwamba wanyama wanavutia, au kwamba wageni wanaleta dola, hakumtoshelezi. Kwa hiyo nitaanza na fiqhi, kisha tutapita hifadhi zetu nne moja baada ya nyingine, tuone kila moja inajibu nini.

Hima ni nini?

Zamani za Ujahiliya, wanazuoni wanatueleza, mkubwa wa kabila alipopenda malisho mazuri alimpandisha mbwa mahali pa juu akamfanya abweke. Kote sauti ilikofika pakawa pake peke yake. Wengine wakakatazwa kuingia, ilhali yeye akaendelea kulisha pamoja nao katika ardhi iliyobaki. Eneo lililozuiliwa namna hiyo liliitwa hima.

Uislamu ukaja ukaivunja dhuluma hiyo bila kuivunja hima yenyewe. Katika Sahihi al-Bukhari imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) aliondoa haki ya mtu yeyote kujitengea hima, akaiacha kwa ajili ya Allah na Mtume wake tu. Wanazuoni wengi wakafahamu kwamba hima haijuzu isipokuwa kwa maslahi ya umma. Yeye mwenyewe alihifadhi bonde la an-Naqi' karibu na Madina kwa ajili ya farasi wa Waislamu. Sayyidna Umar (r.a.) naye akahifadhi ar-Rabadha.

Habari ya Umar ndiyo msingi wa somo letu. Alimweka msimamizi wa hima aitwaye Hunayy, akampa maagizo ambayo yamepokewa pia na al-Bukhari. Alimtaka awe mpole kwa watu na aiogope dua ya aliyedhulumiwa. Akamwamrisha amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache. Lakini mifugo ya Ibn Awf na Ibn Affan, masahaba wakubwa waliokuwa na mali nyingi, aizuie. Sababu aliieleza: matajiri hao mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba ya kurudia, ila maskini mifugo yake ikifa atakuja na watoto wake mlangoni kwa Khalifa kuomba. Umar akaona kwamba kumpa maskini maji na majani ni jambo jepesi zaidi kuliko kuja kumpa dhahabu na fedha baadaye.

Hapa tunapata maswali matatu ya kupimia eneo lolote lililohifadhiwa:

1. Linalinda maslahi ya nani?
2. Nani anabeba gharama yake, na je, anafidiwa?
3. Mnyonge anayeishi pembeni yake ana nafasi gani?

Niseme wazi: mimi si mufti, wala sisemi kwamba hifadhi ya taifa ya leo ni hima kwa masharti yote ya fiqhi. Ninachukua maagizo ya Umar kama mizani ya mwanafunzi. Sasa tuitumie.

Nyungwe: msitu unaokunywesha nchi

Aliyewahi kupanda basi kutoka Huye kwenda Rusizi anaijua Nyungwe. Unapita Nyamagabe, unapita mashamba ya chai ya Kitabi, halafu ghafla mashamba yanakwisha na msitu unaanza. Mimi nimepita njia hiyo mara kadhaa, na kila mara abiria hufunga madirisha, maana baridi inaingia papo hapo. Kando ya lami unaweza kuona kima wamekaa kama watu wanaosubiri gari. Ndani zaidi wapo mbega wanaotembea katika makundi ya mamia, na wapo sokwe.

Nyungwe ina kilomita za mraba 1,019. Ilianza kulindwa kama msitu wa akiba mwaka 1933, ikafanywa hifadhi ya taifa miaka ya 2000, na mwaka 2023 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Upande wa kusini inaungana na msitu wa Kibira wa ndugu zetu wa Burundi. Mpaka wa nchi mbili umepita katikati, lakini ndege na mvua hawaujui.

Jambo kubwa la Nyungwe ni maji. Msitu umekaa juu ya mgongo wa milima unaogawa mito ya Kongo na mito ya Nile. Tone linaloanguka upande wa magharibi linaelekea Ziwa Kivu na mto Rusizi, na mwisho wake ni Bahari ya Atlantiki. Tone linaloanguka upande wa mashariki linaingia Rukarara, kisha Mwogo, kisha Nyabarongo, linapita karibu na Kigali, linakuwa Akagera, linaingia Ziwa Victoria, na kutoka hapo linafuata Nile mpaka Misri. Hukadiriwa kwamba karibu asilimia 70 ya maji ya Rwanda yanatoka katika msitu huu.

Msitu unafanyaje kazi hiyo? Mvua ikianguka juu ya udongo mtupu wenye mteremko, inateleza na kuondoka na udongo. Ikianguka juu ya msitu, majani yanaipunguza nguvu, majani makavu ya chini na mizizi yanainywa, kisha ardhi inaitoa polepole kwa miezi. Ndiyo maana mito inayotoka Nyungwe haikauki wakati wa kiangazi. Ndani yake kuna bwawa kubwa liitwalo Kamiranzovu, jina lenye maana ya mahali panapomeza tembo. Leo tembo hawapo tena. Wa mwisho alikufa mwaka 1999.

Basi swali la kwanza la mizani, Nyungwe inalijibu vizuri. Mkulima wa mpunga aliye bondeni, mwanafunzi anayetia udhu bomba la chuoni na mama anayepika Nyamirambo wote wananufaika nayo, hata kama hawajawahi kumwona mbega hata mmoja. Aliyesema msitu umeachiwa nyani hakufuatilia maji ya birika lake.

Gishwati: msitu ulipoondoka

Kama mtu bado ana shaka, asome habari ya Gishwati. Miaka ya 1970 msitu huu wa kaskazini magharibi ulikuwa na takriban hekta 28,000. Miaka ya 1980 sehemu kubwa ilikatwa kwa mradi wa ufugaji uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Kisha baada ya 1994 watu waliorudi kutoka uhamishoni, na wengine waliokosa makazi, walihitaji mahali pa kuishi, wakakata na kulima viazi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilibaki kama hekta 600 tu.

Ndugu zangu, waliokata hawakuwa waovu. Walikuwa na njaa na watoto. Lakini ardhi ile ni ya mteremko mkali na mvua nyingi. Bila mizizi ya kuushika, udongo ulianza kuporomoka, mashamba yakakosa rutuba, na mito ikabeba matope. Mto Sebeya, unaotoka katika nyanda hizo na kushuka Rubavu, umefurika mara nyingi. Mwezi Mei 2023 mvua kubwa ya usiku mmoja ilileta mafuriko na maporomoko ya ardhi magharibi na kaskazini mwa nchi, na watu zaidi ya 130 walifariki. Allah awarehemu waliofariki na awape subira waliobaki. Sisemi kwamba kukatwa kwa msitu ndiko kulikowaua. Mvua ile ilikuwa kali, na nyumba nyingi zilikuwa katika miteremko. Lakini mlima uliovuliwa nguo hauna cha kuizuia mvua.

Baadaye upandaji wa miti ulianza, na mabaki ya Gishwati yakaunganishwa kisheria na msitu mdogo wa Mukura, ikawa hifadhi ya taifa ya nne. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 34 tu. Ndani yake wamesalia sokwe wachache. Mwaka 2020 UNESCO iliitambua Gishwati-Mukura kama hifadhi ya bayongahewa.

Mwisho wa Sura al-Mulk Allah anatukumbusha kwamba maji yetu yakididimia ardhini hatuna mwingine wa kutuletea. Gishwati ni tafsiri ya macho. Inatufundisha pia kwamba maskini aliyeachiwa msitu aukate, bila kupewa njia nyingine, hakusaidiwa. Alipewa miaka michache ya viazi, na watoto wake wakaachiwa korongo.

Akagera: ardhi iliyogawanywa

Mashariki, mpakani na Tanzania, mandhari inabadilika kabisa. Milima inashuka, inakuwa mbuga ya nyasi, miti ya migunga, mabwawa ya mafunjo na maziwa kama Ihema. Akagera ilianzishwa mwaka 1934 na ilikuwa na kilomita za mraba karibu 2,500. Mwaka 1997 ilipunguzwa ikabaki chini ya nusu, takriban kilomita za mraba 1,120, ili waliorudi kutoka uhamishoni wapate ardhi ya kuishi na kuchungia ng'ombe.

Mimi naiona hatua ile kama fatwa ya dharura. Watu walikuwa wamerudi, hawana pa kwenda, na uhai wa mtu unatangulia. Wapo miongoni mwetu ambao wazazi wao walijengewa maisha katika ardhi ile. Lakini tazama nusu iliyobaki ilivyoteseka. Ng'ombe waliingia, simba wakala ng'ombe, wafugaji wakawatilia simba sumu, mpaka simba wakaisha. Vifaru nao wakatoweka, mara ya mwisho kuonekana ikiwa mwaka 2007.

Mwaka 2010 serikali iliingia ubia na shirika la African Parks kuisimamia. Uzio wa kilomita 120 ulikamilika mwaka 2013 upande wa magharibi. Mwaka 2015 simba 7 waliletwa kutoka Afrika Kusini, mwaka 2017 vifaru weusi 18, na mwaka 2021 vifaru weupe 30. Simba wamezaana, na wageni wamerudi.

Uzio ule una hekima ambayo Hunayy angeielewa. Kabla yake, nyati na tembo waliingia mashambani usiku, na mkulima akakesha akipiga madebe. Uzio unamlinda mnyama dhidi ya mtu, na unamlinda mtu dhidi ya mnyama. Hilo ni jibu la swali la pili: gharama ya hifadhi isimwangukie jirani peke yake.

Volkano: fedha na jirani

Hifadhi ya Volkano, kaskazini, ni sehemu ya hifadhi iliyotangazwa na Wabelgiji mwaka 1925, ya kwanza kabisa barani kwa jina la hifadhi ya taifa. Leo ina kilomita za mraba kama 160, na inapakana na Virunga ya Kongo na Mgahinga ya Uganda. Milima yake inajulikana: Karisimbi wenye mita 4,507, Muhabura, Bisoke, Sabyinyo na Gahinga. Mwishoni mwa miaka ya 1960 sehemu kubwa ya msitu wa chini ilikatwa ili kulima pareto, na gorila wakasukumwa juu kwenye baridi.

Gorila wa milimani hawapatikani popote duniani isipokuwa katika milima hii ya nchi tatu na msitu wa Bwindi wa Uganda. Hesabu iliyokamilika mwaka 2018 na 2019 ilipata 1,063. Idadi yao imekuwa ikiongezeka, ndiyo maana mwaka 2018 walipunguziwa daraja la hatari katika orodha ya kimataifa. Sura al-An'am inatufundisha kwamba wanyama ni umma mfano wetu. Umma mzima wenye watu elfu moja na ushee unatosha kuingia katika ukumbi mmoja wa chuo chetu.

Mgeni kutoka nje ya Afrika hulipa dola 1,500 kuwatazama kwa saa moja, tangu mwaka 2017. Kundi halizidi watu wanane, na mwenye mafua haruhusiwi kupanda, kwa kuwa maradhi yetu yanaweza kuwaua. Sharti hili lisitushangaze. Mtume (s.a.w.) alikataza wanyama wagonjwa wasichanganywe na wazima.

Fedha hizo zinakwenda wapi? Mwaka 2005 ulianza utaratibu wa kutenga asilimia 5 ya mapato ya hifadhi kwa ajili ya jamii zinazozizunguka, na mwaka 2017 ikapandishwa kuwa asilimia 10. Zimejenga madarasa, vituo vya afya na matangi ya maji. Upo pia mfuko wa serikali unaofidia mazao na mifugo iliyoharibiwa na wanyama pori. Waliokuwa majangili sasa wengine wanabeba mizigo ya wageni na kupata halali yao. Haya ni mema, tuyataje kwa haki.

Lakini mizani ina pande mbili. Watwa, ambao babu zao waliishi ndani ya misitu hii kwa kuwinda na kuchuma asali, walitolewa bila kupewa ardhi ya maana, na wengi wao bado ni maskini kuliko majirani zao. Sasa upo mpango wa kuipanua Hifadhi ya Volkano, kwa sababu gorila wameongezeka na nafasi imewabana, na familia za wakulima zinahamishiwa makazi mapya. Mpango wa namna hiyo ndio unaohitaji maagizo ya Umar zaidi ya mwingine wowote. Mwenye hoteli akizuiwa kujenga mlimani ana biashara nyingine ya kurudia. Mwenye nusu eka ya viazi akihamishwa hana. Kama nyumba mpya ni nzuri lakini haina shamba wala kazi karibu, atarudi mlangoni na watoto wake, kama Umar alivyoona.

Hukumu ya mizani

Narudi kwa mwenzangu wa bwenini. Je, ni haki msitu uachwe? Jibu langu ni ndiyo, kwa sababu msitu haukuachwa kwa nyani. Ni amana ya kila anayekunywa maji chini yake, na Gishwati imetuonyesha gharama ya kuivunja. Lakini haki hiyo haikamiliki mpaka jirani wa msitu, hasa aliye mnyonge, aone kwa macho yake kwamba amehesabiwa. Umar hakumfungulia kila mtu, wala hakumfungia kila mtu. Aliangalia nani ana pa kurudia na nani hana.

Sisi wanafunzi tuna sehemu yetu katika kazi hii. Anayesoma sheria ajifunze sheria za fidia, kwa sababu mkulima atahitaji wakili anayemwelewa. Anayesoma kilimo atafute namna ya kuvuna zaidi katika nusu eka ili msitu usitamaniwe. Anayesoma uhasibu akumbuke kwamba asilimia 10 inaweza kupotea njiani kama hakuna mwenye kumcha Allah anayeihesabu. Na sote, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, tusiende kwenye umuganda kama watu waliokamatwa. Mti unaoupanda, kila ndege na kila mtu anayekula kutoka kwake ni sadaka yako.

Na tuanze bombani. Mtume (s.a.w.) alitia udhu kwa mudd moja, maji ya kujaza viganja viwili vya mikono. Sisi tunafungua bomba tangu kuosha viganja mpaka miguu, na maji yale yamesafiri kutoka Nyungwe.

Wakipanga safari ya kwenda kuitembelea mojawapo, ndugu zetu wachukue mkeka wa kuswalia, na wakumbuke kwamba kibla chetu ni kaskazini ikielekea kidogo mashariki. Wasitupe taka na wasiwalishe kima wa barabarani. Sauti nazo wazishushe. Kule ndani, sisi ndio wageni.

Maswali ya kujadili katika halaka

1. Hima ya Ujahiliya na hima ya Uislamu zinatofautiana wapi? Toa mfano wa leo wa kila moja.
2. Kupunguzwa kwa Akagera mwaka 1997 na kukatwa kwa Gishwati yote yalitokana na haja ya ardhi. Je, hukumu yake ni moja?
3. Kama ungekuwa Hunayy katika Hifadhi ya Volkano, nani ungemruhusu, nani ungemzuia, na kwa sababu gani?
4. Hesabu maji unayotumia kwa udhu mmoja. Linganisha na mudd.

Allah atujaalie tuwe waangalizi wema wa amana yake, na asitufanye miongoni mwa wanaofanya ufisadi katika ardhi ilhali wanajiona wanatengeneza. Wabillahi tawfiq.